Hattie Alexander: Daktari aliyewapigania watoto wenye homa ya uti wa mgongo

Mama, mtoto akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, daktari huomba kuchukua maji kidogo mgongoni kwa sindano. Wazazi wengi huogopa, wengine humchukua mtoto wakaondoka. Kabla hujakataa, soma habari za Hattie Alexander.

Alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1901, mtoto wa pili kati ya wanane. Chuoni alijulikana kwa michezo kuliko kwa alama. Baada ya kuhitimu alifanya kazi ya kuchunguza bakteria maabara, kisha akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kumaliza mwaka 1930.

Akiwa daktari alikutana na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aitwaye Hib. Wakati ule karibu kila mtoto mchanga aliyeupata alikufa. Seramu ya damu ya farasi ilikuwa imejaribiwa ikashindwa. Hattie akaona kuwa seramu ya sungura inawasaidia wagonjwa wa nimonia, naye akatengeneza ya sungura dhidi ya Hib. Mwaka 1939 alitangaza kwamba watoto wamepona. Ilipotumika pamoja na dawa za salfa, vifo vilipungua sana.

Zilipokuja antibiotiki, aligundua kuwa baadhi ya bakteria hawafi kwa dawa. Akatambua kuwa vinasaba vyao vimebadilika. Kuanzia hapo, yeye na mwenzake Grace Leidy walichunguza vinasaba vya Hib kwa miaka mingi.

Leo vinasaba hivyo hivyo vinatusaidia kupima. Zamani tulitegemea kuotesha bakteria maabara, kazi ya siku moja hadi tatu. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya bakteria ndani ya maji ya mgongo na kutoa jibu kwa saa chache. Hata kama mtoto ameshapewa antibiotiki na bakteria hawaoti tena, PCR inaweza kuwaona. Si kila hospitali inacho, lakini popote kilipo, kinahitaji maji yale yale unayoogopa yatolewe.

Sindano hiyo huchomwa chini ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Kinachoacha mtoto na ulemavu au uziwi ni ugonjwa uliochelewa kutibiwa. Tiba nayo huanza mara moja, bila kusubiri majibu.

Mkimbize mtoto hospitali ukiona:

- homa pamoja na degedege
- shingo kukakamaa
- utosi kuvimba
- kutapika, au kukataa kunyonya
- kulegea, au usingizi usio wa kawaida

Usimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani. Kama ameshameza dawa yoyote, mwambie daktari bila kuficha.

Mwaka 1964 Hattie alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Alifariki mwaka 1968 kwa saratani ya ini. Chanjo ya Hib hakuiona. Ilianza kutumika miaka ya 1980. Wewe unayo: imo ndani ya chanjo ya Penta, wiki ya 6, 10 na 14. Fungua kadi ya mwanao leo uangalie kama zote tatu zimejazwa.