Baba Louis Martin, Fundi wa Saa

Watoto, jina la Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu mnalijua wote. Dada zenu wengine wanaitwa kwa jina hilo. Je, baba yake mnamjua? Hakuwa padri wala mtu mkubwa wa serikali. Alikuwa fundi wa saa katika mji mdogo wa Ufaransa. Sikilizeni habari zake.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux mwaka 1823. Baba yake alikuwa askari. Alipoacha jeshi, jamaa nzima ilikaa Alençon. Louis alijifunza kutengeneza saa, kazi inayotaka mkono mtulivu na subira nyingi. Mwaka 1845 alipanda mlima wa Saint-Bernard, akaomba kuingia katika monasteri ya huko. Watawa wake waliokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Lakini hawakumpokea, kwa sababu hakujua Kilatini. Akarudi na huzuni.

Mwaka 1850 alifungua duka lake Alençon. Siku ya Dominika watu wa vijiji walikuja mjini kununua saa na pete. Maduka mengine yalifunguliwa, lake lilifungwa. Alishauriwa afungue hata mlango wa pembeni, akakataa. Faida ilikwenda kwa wengine, naye hakunung'unika.

Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin, mwanamke hodari aliyetengeneza lesi nzuri kwa sindano. Walizaa watoto tisa. Kati ya mwaka 1867 na 1870 walizika wanne. Wakabaki mabinti watano. Kazi ya Zélie ilipokua, Louis aliacha duka lake ili amsaidie. Alipenda sana kuvua samaki, na mara nyingi alipeleka samaki wake kwa masista maskini wa mji.

Siku moja, kwenye stesheni ya gari la moshi, alimkuta mtu mwenye kifafa. Mtu huyo hakuwa na nauli ya kurudi kwao. Louis alivua kofia yake, akatia fedha yake kwanza, kisha akawaombea wasafiri wengine msaada. Hakuona haya kuomba kwa ajili ya maskini.

Mwaka 1877 Zélie alikufa kwa ugonjwa wa kansa. Teresa, kitinda mimba, alikuwa na miaka minne tu. Baba aliacha mji wake na rafiki zake, akahamia Lisieux, ili mabinti wawe karibu na mjomba wao. Huko alikuwa kwao baba na mama pia.

Pauline aliingia Karmeli mwaka 1882, na Marie mwaka 1886. Mwaka 1887 Teresa naye aliomba ruhusa. Alikuwa na miaka 14, na baba alikuwa amekwisha kupigwa na kiharusi. Baba alilia, kisha akakubali. Akachuma ukutani ua dogo jeupe pamoja na mizizi yake, akampa. Teresa alilitunza ua hilo.

Halafu ulikuja msalaba mzito. Akili yake ilianza kupotea. Mwaka 1889 ilikuwa lazima kumpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa miaka mitatu. Watu wengine walisema kwamba mabinti wake ndio waliomwua kwa huzuni. Maneno hayo yaliwachoma sana. Lakini yeye, akili yake ilipotulia, alimweleza mganga kwamba katika maisha yake daima aliheshimiwa, na sasa Mungu amempa nafasi ya kushushwa.

Mwaka 1892 alirudi Lisieux, miguu imekufa ganzi. Alipopelekwa kuwaona mabinti wake mara ya mwisho, hakuweza kusema mengi. Aliinua kidole, akaonyesha mbinguni. Céline alimtunza mpaka alipokufa, tarehe 29 mwezi wa saba 1894.

Mabinti wote watano wakawa watawa. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie watakatifu, wote wawili siku moja.

Watoto, Louis alidhani atamtumikia Mungu mlimani. Mungu alitaka amtumikie nyumbani, mezani pa kazi, na kitandani pa ugonjwa. Mkirudi leo nyumbani, mtazameni vizuri baba yenu anapotoka kazini.

Maswali
1. Kwa nini watawa hawakumpokea Louis?
2. Alifanya nini kwenye stesheni?
3. Tufanyeje tukimwona mzee aliyepotewa na akili?