Herschel: Mpiga kinanda aliyegundua miale ya joto isiyoonekana

MIALE ya joto isiyoonekana kwa macho iligunduliwa na mtu ambaye hakuwa akiitafuta, na ambaye kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa muziki.

William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mnamo Novemba 15, 1738. Babake alikuwa mwanamuziki katika bendi ya jeshi, naye akafuata nyayo zake. Mnamo 1757 alihamia Uingereza, na baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Bath. Usiku alizichunguza nyota kwa darubini alizojiundia, akisaidiwa na dadake, Caroline, ambaye naye alikuja kugundua nyotamkia kadhaa. Machi 13, 1781, Herschel aliiona sayari ya Uranus. Mfalme George III akamtengea posho ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaupa muziki kisogo.

Sifa hizo zingemtosha. Hata hivyo, mnamo 1800, akiwa na umri wa miaka 61, alikumbana na kitendawili alipokuwa akilitazama jua kupitia vioo vya rangi vya kukinga macho. Baadhi ya vioo vilipitisha mwanga hafifu lakini joto kali. Vingine mwanga mwingi na joto kidogo.

Aliamua kupima. Aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Katika zambarau kipimajoto kilipanda nyuzi 2 za Fahrenheit, katika kijani zaidi ya 3, na katika nyekundu karibu 7. Alipokiweka nje ya nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, bado kilipanda, tena kuliko katika rangi yoyote.

Joto husafiri kwa njia tatu. Kijiko kilichotiwa katika chai moto huunguza vidole kwa kugusana. Maji ya sufuriani hulibeba joto yakipanda na kushuka. Njia ya tatu ni mnururisho, usiohitaji hewa wala kitu cha kuubeba. Ndio huleta joto la jua duniani. Herschel alionyesha kwamba miale yake huakisiwa na hupinda kama mwanga. Leo huitwa miale ya infraredi, yaani iliyo chini ya nyekundu.

Lakini gwiji huyo aliteleza. Kwa kuwa vioo havikupitisha mwanga na joto kwa kiasi sawa, alihitimisha mwaka uo huo kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti. Waliomfuata walibaini kuwa ni kitu kimoja, kinachotofautiana kwa urefu wa mawimbi tu. Alikuwa amefika mlangoni, akarudi nyuma.

Herschel alifariki mjini Slough, Agosti 25, 1822, akiwa na umri wa miaka 83. Kosa lake halikuufuta ugunduzi wake. Taa nyekundu zinazowapa vifaranga joto hutumia miale iyo hiyo, sawa na vipimajoto vilivyoelekezwa kwenye paji la uso bila kugusa wakati wa janga la corona mnamo 2020.