Dostoevsky na ruleti: miaka 8 ya kupoteza

Mwezi wa nne mwaka 1871, mwanamume wa miaka 49 alitoka usiku kwenye kazino ya mji wa Wiesbaden, huko Ujerumani, bila kitu mfukoni. Bibi yake alikuwa amebaki Dresden na binti yao mdogo, akiwa na mimba nyingine. Ni yeye aliyempa feza za safari. Zilipoisha, alimtumia thaler 30 ili apate kurudi nyumbani. Nazo alizicheza, zikaenda. Ikabidi aandike tena kuomba nauli.

Mtu huyo hakuwa mjinga. Alikuwa Fyodor Dostoevsky, mmoja wa waandishi wakubwa wa Urusi, ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo kwa namna vinavyochunguza mawazo ya binadamu.

Alizaliwa Moscow mwaka 1821, baba yake akiwa daktari kwenye hospitali ya maskini. Alisomea uhandisi wa jeshi, akaacha kazi hiyo ili aandike. Mwaka 1849 alikamatwa kwa sababu ya siasa. Yeye na wenzake walipelekwa uwanjani wapigwe risasi, na dakika ya mwisho wakaambiwa kwamba mfalme amewahurumia. Alifungwa miaka minne Siberia, kisha akalazimishwa kuwa askari.

Kamari ilimshika kweli mwaka 1863. Katika safari ya Ulaya alipitia Wiesbaden, akashinda zaidi ya faranga elfu 10. Sehemu ya feza hizo aliituma Urusi kwa ajili ya bibi yake wa kwanza, aliyekuwa mgonjwa wa kifua. Siku chache baadaye, huko Baden-Baden, alipoteza karibu zote zilizobaki, ndipo akamwandikia shemeji yake amrudishie kidogo kutoka zile alizotuma.

Ushindi ule wa kwanza ndio uliomharibu. Aliamini kwamba amegundua siri: mchezaji anayetuliza moyo na kuhesabu vizuri hawezi kushindwa. Kila alipopoteza, hakusema kwamba siri ni ya uongo, alijilaumu kwamba hakutulia vya kutosha. Kwa hiyo kila hasara ikawa sababu ya kurudi mezani.

Lakini gurudumu la ruleti halijali kama mtu ametulia ao ana hasira. Lina namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri, jumla 37. Namba yako ikitoka, unalipwa mara 35. Kwa wastani, katika kila sarafu 37 zinazowekwa, kazino inabaki na moja. Pia gurudumu halikumbuki: kama umepoteza mara kumi, mara ya 11 haikudai chochote wala haikuhurumii. Vijana wetu wanaobashiri matokeo ya mpira kila wikendi wanajua hamu hiyo ya kurudisha kilichopotea.

Mwaka 1864 alifiwa na bibi yake, kisha na kaka yake Mikhail, akabeba madeni ya kaka huyo. Mwaka uliofuata alisaini mkataba na mchapishaji Stellovsky kwa rubli 3.000: asipoleta riwaya mpya kabla ya tarehe moja mwezi wa 11 mwaka 1866, mchapishaji angechapisha kazi zake miaka tisa bila kumlipa. Ni mtu aliyebanwa na madeni tu anayeweza kukubali sharti kama hilo. Muda mfupi baadaye alikuwa tena Wiesbaden, akapoteza yote kwa siku tano, hata hoteli ikakataa kumpa chakula, ikampa chai tu.

Riwaya ya Stellovsky iliandikwa kwa siku 26, kwa msaada wa Anna Snitkina, msichana wa miaka 20 aliyejua kuandika kwa hati mkato. Inaitwa Mcheza Kamari. Miezi michache baadaye Anna akawa bibi yake.

Wakati wa kiangazi mwaka 1867 walikaa wiki saba Baden-Baden, Anna akiwa na mimba ya kwanza. Dostoevsky aliweka rehani heleni zake, bruchi yake, nguo, hata pete za ndoa. Kuna siku alirudi na faida ya kutosha kulipa deni la nyumba na kuondoka. Hawakuondoka, kesho yake alirudi mezani. Alilia, akapiga magoti, akaomba msamaha, kisha akaomba sarafu nyingine. Kitabu chake kilikuwa kimeisha kueleza ugonjwa huo waziwazi, na hakikumsaidia kitu.

Anna hakumgombeza. Aliona ni ugonjwa, zaidi ya miaka 100 kabla Shirika la Afya Duniani, OMS, kuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa. Hata safari ile ya 1871 ni yeye aliyeishauri, akiona mumewe hawezi tena kuandika. Wengine watasema alikosea. Mimi sina uhakika; nyumbani mwake alikuwa peke yake kuamua.

Usiku ule wa Wiesbaden, Dostoevsky alikimbia gizani kutafuta kasisi wa Kirusi, akapotea njia, akajikuta mbele ya sinagogi. Alirudi hotelini akamwandikia Anna kwamba imekwisha. Alikuwa ameahidi hivyo mara nyingi. Safari hii hakucheza tena hadi kifo chake mwaka 1881. Kwa nini siku hiyo na si nyingine, wachunguzi wa maisha yake hawakubaliani. Mwaka 1872 Ujerumani ilifunga kazino zake, jambo ambalo lazima lilisaidia.

Waliporudi Petersburg, Anna ndiye aliyepambana na wadai. Alianza kuchapisha na kuuza vitabu vya mumewe mwenyewe, akishika hesabu kwa mkono wake. Madeni yaliisha muda mfupi tu kabla mumewe hajafariki.