Maria Montessori na binti yangu wa miaka mitatu

Mwaka jana, majuma machache kabla ya masomo kuanza, nilizunguka Himbi na Katindo nikimtafutia binti yangu shule ya maternele. Katika lango moja niliona jina la Montessori limeandikwa kwa rangi ya buluu. Nilimwuliza mama aliyenipokea huyo alikuwa nani, naye akadhani ni mji wa Italia. Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe sikumpita kwa mengi. Jina hilo halina mwenyewe. Shule yoyote inaweza kulipaka ukutani. Basi nilirudi nyumbani nikaanza kusoma maisha yake.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Baba yake alitamani awe mwalimu, yeye akakataa. Alisomea udaktari Roma, na kwa kuwa ilionekana aibu msichana kukaa na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi, ilimbidi apasue maiti peke yake, wenzake wakiisha kuondoka. Alihitimu mwaka 1896. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili aliwakuta watoto waliofungiwa chumba kitupu, ambao baada ya kula waliokota makombo ya mkate sakafuni na kuyachezea. Wahudumu waliona ni ulafi. Yeye aliona kwamba hawakuwa na kitu kingine chochote cha kushika mkononi.

Tarehe 31 Machi 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba wa mtoto, Giuseppe Montesano, alikuwa daktari mwenzake, na hawakuoana. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia ya mashambani karibu na Roma. Mario alikuja kuishi na mama yake akiwa na miaka kama 15, na hata hapo kwa muda mrefu mbele ya watu aliitwa mpwa wake. Nilipofika hapa nilifunga kitabu kwa siku mbili. Mwanamke aliyeufundisha ulimwengu namna ya kukaa na watoto wadogo hakuwa na nafasi ya kuchagua mahali pa wa kwake.

Shule yake ya kwanza haikutokana na falsafa. Katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, wenye majengo walichoka na watoto waliochafua kuta na ngazi wazazi wao wakiwa kazini. Wakamwomba daktari huyo awakusanye katika chumba kimoja cha jengo lenyewe. Kilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907, kikiwa na watoto kama 50, na msichana aliyewaangalia hakuwa na diploma ya ualimu. Montessori alileta meza ndogo na viti ambavyo mtoto anaweza kubeba mwenyewe. Siku moja alimkuta binti wa miaka kama mitatu akichomeka vipande vya mbao katika matundu yake, akivitoa, akivirudisha. Aliwaambia wengine waimbe, kisha akamnyanyua binti huyo pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Binti alikumbatia vipande vyake na kuendelea, zaidi ya mara 40. Siku nyingine aliwafundisha namna ya kupenga kamasi bila kelele, nao wakampigia makofi, maana hadi siku hiyo kamasi zao zilikuwa zimewaletea karipio tu.

Jambo dogo zaidi ndilo lililonigusa: akina mama waliruhusiwa kuingia saa yoyote kutazama.

Kwetu sisi wa lugha kuna herufi zake za msasa, ambazo mtoto alizifuata kwa kidole huku akisikia sauti yake. Wa miaka minne walianza kuandika kabla ya kusoma. Aliamini kwamba kabla ya miaka sita mtoto hufyonza lugha ya wanaosema naye. Hapa Goma shule nyingi hujisifu kwamba mtoto atarudi akiimba Kifaransa. Kuimba si kusemeshwa.

Tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko la ardhi liliuvunja mji wa Messina. Yatima wapatao 60 walipokewa na masista huko Roma, katika nyumba ya mtaa wa Giusti, wakiwa kimya, hawali, hawalali vizuri. Hawakuhubiriwa. Walipewa meza za kuandaa, maua ya kutunza, vyombo vya kubeba, na polepole wakaanza tena kukimbia na kucheka. Aliyeuona mji huu baada ya Nyiragongo kulipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 hahitaji kuelezwa wale walikuwa watoto wa namna gani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya sifa na safari. Alikubali msaada wa Mussolini kwa karibu miaka 10, jambo ambalo siwezi kulipamba. Mwaka 1934 walitengana na shule zake Italia zikafungwa. Vita vya Hispania vya 1936 vilimkimbiza Barcelona. Mwaka 1939 alikwenda India na Mario, na Italia ilipoingia vitani Waingereza walimfunga Mario, wakamwachia Maria alipotimiza miaka 70. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, akiwa bado anazungumzia safari ya kuja Afrika.

Nilirudi kwenye lango la buluu nikaomba kukaa ndani asubuhi moja tu. Walikataa, wazazi, walisema, huishia mlangoni. Shule ya pili ni ya mbao, juu ya mawe ya volkano, haina gari wala bango. Mwalimu alinipa kigoda kwenye kona, akaendelea kuzungumza na watoto kwa Kiswahili na Kifaransa kidogo. Mvulana mmoja aliosha kikombe, akakifuta, akakirudisha majini, akakiosha tena. Hakuna aliyemnyang'anya. Nililipa minervali ya muhula wa kwanza siku hiyo hiyo.