Mwalimu Aliyeiweka Fimbo Kando

Mtoto wa Pemba hukaa chini ya walimu wengi. Yumo shuleni, yumo chuoni. Na msimu wa karafuu ukifika, huenda akaingia darasani mikono ingali yanukia karafuu na macho yamejaa usingizi. Mwalimu apangiwaye shule ya Micheweni au ya Mkoani hana budi kujiuliza tangu siku ya kwanza: watoto hawa wengi nitawashikaje?

Kwa miaka mingi jibu la wengi wetu, visiwani na Bara, lilikuwa bakora. Katika miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ya Zanzibar ilianza kujaribu njia nyingine katika baadhi ya shule za Unguja na Pemba, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaikataa adhabu ya viboko. Bara kanuni zimempa mwalimu mkuu ruhusa ya viboko visivyozidi vinne. Hata hivyo wazazi wengi, pande zote mbili za bahari, wangali wanasema kwamba fimbo ikiondoka, adabu nayo yaondoka. Basi yafaa tuyatazame maisha ya padre mmoja aliyelea wavulana mamia kwa mamia, wengi wao wa mitaani, naye hakuwatawala kwa fimbo.

Giovanni Bosco, ambaye sisi twamwita Mtakatifu Yohane Bosco, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki mwaka 1817, mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, mkulima asiyejua kusoma, aliachiwa wavulana watatu wa kulea. Mkubwa wao, Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa baba yao, hakupenda kumwona mdogo wake ameshika kitabu wakati jembe lamngoja. Ugomvi ulizidi, hata Yohane, akiwa na miaka kumi na miwili hivi, akaondoka nyumbani akawe kibarua katika shamba la watu. Mtu huyu basi aliijua hofu ya mtoto kabla hajaijua kazi ya mwalimu.

Alipokuwa na miaka tisa hivi aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote. Aliona watoto wengi wakicheza na kutukana, akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Ndipo akaelezwa kwamba watoto wale atawapata kwa upole na upendo, si kwa mapigo. Tena alikuwa akiona mapadre wa kwao wakipita njiani kwa heshima kubwa bila kusema neno na watoto, akahuzunika. Akakusudia moyoni kwamba yeye, akijaliwa upadre, hatakuwa mbali nao namna ile.

Alipadrishwa tarehe 5 Juni 1841, akaenda Torino. Mji ule ulijaa vijana waliotoka mashamba kutafuta kazi ya uashi na ya kufagia mabomba ya moshi, hawana wazazi karibu wala shule. Padre Bosco alitembelea magereza, akaona jambo lililomchoma moyo: vijana waliofunguliwa walirudi kifungoni baada ya muda mfupi, kwa kuwa huko nje hapakuwa na mtu wa kuwaangalia.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, akijiandaa kwa Misa. Kijana mwashi, Bartolomeo Garelli, aliingia kwa udadisi. Mtunza sakristia alimtaka atumikie Misa. Kijana akasema hajui. Akapigwa na kufukuzwa. Padre Bosco aliamuru arudishwe mara moja, akamtambulisha kuwa ni rafiki yake. Baada ya Misa alimwuliza kama ajua kusoma, kuandika, kuimba. Yote hayo kijana hakuyajua. Mwishowe akamwuliza kama ajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Hapo ndipo somo la kwanza lilipoanza. Padre alitafuta kwanza lile moja ambalo mtoto aliweza, kisha akaanza kumfundisha yale asiyoyaweza.

Garelli alirudi na wenzake, na wenzake wakaleta wengine. Baada ya kufukuzwa hapa na pale kwa sababu ya kelele za vijana, mwaka 1846 siku ya Pasaka walipata banda bovu mahali paitwapo Valdocco. Mama Margherita akaja kupika na kushona, akawa mama wa wote mpaka alipofariki mwaka 1856. Usiku vijana walisoma, mchana walikwenda kazini. Padre Bosco hakuwaacha huko peke yao. Katika mkataba wa mwaka 1852 uliowekwa kati ya seremala na kijana wake mwanagenzi, seremala alikubali kumrekebisha kijana kwa maneno tu, asimpige.

Mwaka 1877 aliandika kijitabu kifupi juu ya njia yake. Alieleza kwamba ziko namna mbili za kuongoza vijana. Ya kwanza ni kutangaza sheria, kisha kumvizia mkosaji na kumwadhibu. Naye alikiri kwamba namna hii ni nyepesi kwa mwalimu. Ya pili ni kuzieleza sheria vema, kisha kukaa pamoja na wanafunzi darasani na uwanjani, hata wasipate nafasi ya kupotea. Namna hii huegemea akili, dini na upendo. Kupiga, kuvuta masikio, na kupigisha magoti kwa mateso alivikataa. Karipio litolewe faraghani, wala si mbele ya wenzake.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mlegevu. Kijana aliyewaharibu wenzake aliondolewa, maana usalama wa wengi ulikuwa amana yake. Wala asidhani mtu kwamba njia hii ikiisha kuanzishwa hujiendesha yenyewe. Mwezi wa Mei 1884, akiwa Roma, aliwaandikia wenzake wa Valdocco barua ya huzuni. Nyumba ilikuwa imekua, na walimu walikuwa wameacha kuchangamana na wavulana saa za michezo. Wavulana nao wamejitenga, wananung'unika na kuficha mambo. Aliwakumbusha kwamba haitoshi kumpenda mtoto. Mtoto mwenyewe hana budi kutambua kwamba anapendwa. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934. Wana wake, Wasalesiani, wamo Tanzania tangu 1980, na shule yao ya ufundi ya Dodoma yajulikana sana.

Sasa turudi Pemba. Wakatoliki huko ni wachache, na mwalimu Mkatoliki atafundisha hasa watoto wa ndugu zetu Waislamu. Lakini kumjua mtoto kwa jina, kumweleza sababu ya sheria, kumsubiri mlangoni, kumwita pembeni badala ya kumwaibisha, hayo yaeleweka katika kila nyumba. Kweli, madarasa yamejaa, na mwalimu achoka. Don Bosco mwenyewe alijua kwamba fimbo humpunguzia mwalimu kazi. Ndiyo maana yavutia. Lakini mtoto aogopaye hainui mkono kuuliza. Hunyamaza, na mwalimu hudhani ameelewa.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na wengi huutumia usemi huo kutetea bakora. Wavuvi wa Pemba wajua zaidi. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Apigwaye rungu hakunjiki, huharibika.