Harry Brearley na visu vilivyokataa kukata

Safari hii tunakwenda Sheffield, Uingereza. Najua wapo watakaouliza, mtu aliyeko Guangzhou anahusika vipi na Mwingereza wa zamani? Jibu ni kisu. Mji wa Yangjiang, humu humu mkoani Guangdong, unasifika China nzima kwa visu, na visu vingi vya bei nafuu vya nchi hii ni vya chuma kinachokaribiana sana na kile alichoyeyusha Harry Brearley mwaka 1913.

Brearley alizaliwa Februari 1871, mtoto wa mfanyakazi wa kuyeyusha chuma. Shule aliiacha akiwa na miaka 12, akawa kibarua kiwandani, halafu akapata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth. Kuosha chupa, jamani! Lakini jamaa alijisomea usiku mpaka akawa mkemia wa chuma. Mwaka 1908, kampuni za Firth na John Brown zilipoanzisha maabara ya pamoja, yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi.

Mwaka 1912 alipewa kazi ya kutafuta dawa ya mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika ndani. Akajaribu kuongeza kromi. Agosti 1913 akapata chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni 0.24. Kabla ya kutazama chuma kwa hadubini lazima ukipake asidi ikile kidogo, hiki kiligoma. Akakijaribu kwa siki na ndimu, kikagoma pia. Wenzake Ujerumani na Marekani nao walikuwa wakichimba njia hiyo hiyo, lakini yeye, mtoto wa mji wa visu, aliwaza kisu cha mezani.

Hapa ndipo penye utamu. Mafundi wa visu walikirudisha wakilalamika, na Brearley akataniwa kuwa ni mvumbuzi wa visu visivyokata. Kumbe chuma hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa la moto. Chuma cha kaboni cha kawaida hupata ugumu kikipashwa hadi nyuzijoto kama 800 na kuzamishwa majini. Hiki kinataka kama 1000, maana kaboni imeshikwa na kromi. Isipoachiwa, kisu kinabaki laini. Kisha kinapozwa kwa mafuta au hata kwa hewa, na kupashwa tena kidogo, kati ya 150 na 200, kisije kikavunjika kama kigae.

Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha Mosley, alijaribu mara kadhaa na kuharibu zana zake, mpaka Brearley alipokwenda kusimama naye karakanani wakapata joto lenyewe. Stuart ndiye aliyekiita chuma kisicho na doa, jina linalotumika dunia nzima.

Kwa hiyo kisu cha namna hii kilichoungua jikoni kikawa butu kila siku, kinaweza kurudishiwa ugumu wake. Ila si kwa mkaa, macho na ndoo ya maji kama tunavyofanya kwa panga. Kinataka tanuru lenye kipimo.

Mafanikio yalileta ugomvi. Kampuni ilidai ugunduzi ni mali yake kwa kuwa ulifanyika maabarani kwake. Brearley aliona ana fungu lake. Mwaka 1915 aliondoka, akahamia Brown Bayley, na baadaye akawa mkurugenzi huko. Mwaka 1920 alipewa Medali ya Bessemer, na mwaka 1941 akaanzisha mfuko wa hisani wa Freshgate. Alifariki Julai 1948.

Wenzangu mlioko maabara, ugomvi ule bado upo. Kabla ya kusaini karatasi ya mradi, someni inasema matokeo ni ya nani. Na tunaporudi nyumbani, tusibebe visu tu. Tubebe na ujuzi wa lile tanuru, maana kununua chuma kila mtu anaweza, ila kukipa makali yanayodumu ndiyo kazi.