Henry Moseley, Kijana Aliyezipa Elementi Namba Zake



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusoma habari za maimamu, masahaba na wanavyuoni wetu. Safari hii namleta mtu ambaye hakuwa Mwislamu, tena alikufa vitani dhidi ya jeshi la khalifa, na umri wake ni miaka 27 tu. Naomba mnivumilie, kwa sababu habari zake zinapita karibu sana na nyumbani.

Ukitoka Rumonge kwenda Bujumbura, ziwa linabaki mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Kabla hujaingia mjini, huko juu milimani, kuna mahali panaitwa Gakara. Wabelgiji walichimba pale enzi zao. Mwaka 2017 uchimbaji ukaanza upya, na mwaka 2021 serikali ikausimamisha ikisema nchi haipati haki yake katika bei. Kinachotolewa pale ni mawe yenye madini adimu, na ndani yake mna neodimiamu, ile inayotengeneza sumaku kali za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Wengi wetu tumesikia ugomvi wa bei. Wachache wanajua kwamba madini haya yaliwasumbua wanakemia wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa yanafanana mno hata haikujulikana yako mangapi. Njia ya kuyahesabu bila kubahatisha aliileta Henry Moseley.

Alizaliwa Weymouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya elimu. Baba yake alizunguka dunia katika meli ya utafiti iitwayo Challenger, kisha akawa mwalimu wa anatomia katika chuo kikuu cha Oxford. Mama yake, Amabel, alikuwa binti wa mtaalamu wa konokono na makombe ya baharini. Baba akafariki mtoto akiwa bado hajatimiza miaka 4, na malezi yote yakabaki kwa mama. Tangu hapo hadi siku aliyokufa, Henry alikuwa akimwandikia mama yake barua za kila jambo, na barua hizo ndizo zinazotuwezesha kumjua leo.

Alisoma Eton kwa ufadhili, akaenda Oxford, na mwaka 1910 akamaliza fizikia kwa daraja la pili. Yeye alitarajia la kwanza na ilimuuma. Wenzangu mnaosubiri matokeo, lichukueni hilo kwa kadiri mnavyotaka. Mwaka huohuo akaenda Manchester kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford, aliyetangaza mwaka uliofuata kwamba atomu ina kiini kidogo kizito katikati na elektroni zikiwa nje yake.

Swali lililobaki lilikuwa kubwa. Elektroni hizo zimekaaje? Na kiini cha kila elementi kina chaji ngapi? Wakati ule elementi zilipangwa kwenye jedwali kwa uzito wake. Namba ya elementi ilikuwa kama namba ya mtu kwenye foleni: inaonyesha amesimama wapi, haisemi yeye ni nani. Mholanzi mmoja, van den Broek, alikuwa amekisia kwamba namba ile ndiyo hesabu ya chaji za kiini. Kisio zuri, lakini halikuwa na ushahidi wa kutosha.

Ili kuelewa Moseley alifanya nini, tuanze jikoni. Mwaga chumvi kidogo kwenye moto, utaona ndimi za moto zinageuka manjano. Ndani ya chumvi mna sodiamu, yenye elektroni 11. Mbili ziko ganda la ndani kabisa, nane ganda linalofuata, na moja iko peke yake nje. Joto huirusha hiyo ya nje juu kidogo, na inaporudi mahali pake hutoa mwanga wa manjano. Kila elementi ina mianga yake, haiazimi ya jirani. Lakini mwanga huu wa moto unatuambia habari za elektroni za nje tu, zile zilizokaa barazani. Moseley alitaka habari za vyumba vya ndani.

Njia ya kufika huko ni eksirei. Ukiipiga elementi kwa elektroni zenye kasi kubwa, unaweza kuing'oa moja iliyo ganda la ndani kabisa. Nafasi ikibaki wazi, elektroni ya ganda la pili huanguka kuijaza, na katika kuanguka kwake hutoa eksirei yenye kipimo maalumu cha elementi hiyo. Rutherford hakuwa na hamu na kazi ya eksirei mwanzoni, maana maabara yake haikuwa na ujuzi huo. Moseley alishikilia. Alianza pamoja na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin wa mageuzi, kisha akaendelea peke yake.

Kifaa alichokitengeneza kingewafurahisha wavuvi wetu. Ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa aliweka kigari kidogo juu ya reli, na juu ya kigari akapanga vipande vya elementi mbalimbali. Kuvunja bomba na kutoa hewa upya kwa kila elementi kungemmalizia miezi. Basi akakifunga kigari kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, akawa anakivuta huku na huku kutoka nje, kila kipande kikifika kwa zamu mbele ya miale. Alifanya kazi usiku kucha. Waliomjua walisema alikuwa hodari wa kujua mahali pa kupata chakula Manchester saa tisa usiku.

Mwishoni mwa 1913 alikuwa amepima kuanzia kalsiamu hadi zinki. Picha zake alipozipanga moja chini ya nyingine, mistari ilishuka kama ngazi, hatua kwa hatua. Alipochukua kipeuo cha pili cha masafa ya kila eksirei na kukiweka kwenye grafu dhidi ya namba ya elementi, alipata mstari ulionyooka. Ukisogea elementi moja, kiini kinaongezeka chaji moja kamili, si nusu wala robo. Namba ya foleni ikawa namba ya dhati. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, na kwa uzito ingepaswa kukaa nyuma yake. Eksirei zilisema kobalti ni 27 na nikeli ni 28, na mjadala ukaisha. Kobalti hiyo ndiyo inayochimbwa Katanga, ng'ambo ya ziwa letu, na nikeli iko Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi.

Chuma ni 26, na hapa sina budi kusema neno. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu kila mwaka kwamba herufi za neno hadid kwa hesabu ya abjad zinafika 26, na kwamba huo ni muujiza. Hesabu yenyewe ni sahihi: ha ni 8, dali 4, ya 10, dali 4. Lakini piga na dhahab kwa njia hiyohiyo, utapata 707, ilhali dhahabu ni elementi ya 79. Piga nuhas, shaba, utapata 119, na shaba ni ya 29. Mimi naona ni hatari kuifunga imani ya mtu kwenye hesabu inayokubali neno moja na kukataa mawili. Allah (S.W.) ameumba kila kitu kwa kipimo, hilo tunaliamini bila kusubiri abjad. Na kipimo cha chuma kilijulikana kwa kijana aliyekesha na uzi wa hariri mkononi.

Tuyarudie madini adimu. Mwishoni mwa 1913 Moseley alirudi Oxford, akafanya kazi bila cheo cha kulipwa. Mwaka 1914 Mfaransa Georges Urbain, aliyetumia miaka mingi kutenganisha madini haya kwa tindikali na fuwele, alimletea sampuli zake, akiwemo kipenzi chake aliyemwita seltiamu, ambaye aliamini ni elementi ya 72. Kwa siku chache tu Moseley alimsomea kilichomo kwenye kila sampuli. Seltiamu hakuonekana. Urbain aliondoka na huzuni ya elementi yake na mshangao kwa kasi ya kijana yule.

Kwa nini tindikali ilihangaika na eksirei haikuhangaika? Jibu kamili lilikuja baada ya Moseley kufa, kwa kazi za Bohr, Pauli mwaka 1925 na Schrödinger mwaka 1926. Elektroni hazizunguki kiini kwa njia moja nyembamba kama mwezi. Kila moja ina eneo ambalo inaelekea kupatikana, liitwalo orbitali, na orbitali moja haipokei zaidi ya elektroni mbili. Aina ya s ina chumba kimoja, p ina vitatu, d vitano, f saba. Saba mara mbili ni 14. Katika madini adimu, kutoka lantanamu namba 57 hadi lutesiamu namba 71, elektroni zinazoongezeka karibu zote zinaingia katika vyumba vya f, ambavyo viko ndani, huku baraza likibaki karibu vilevile. Kemia hufanyika barazani. Tindikali inabisha hodi na kukuta sura ileile kwa kila nyumba. Eksirei inatoka vyumba vya ndani, ikiwa imebeba namba ya kiini. Ndiyo maana pia kuyatenganisha madini ya Gakara ni kazi ngumu na ya gharama, na nchi inayouza jiwe zima bila kulitenganisha huuza kwa bei ya jiwe. Wanafunzi wa kemia katika chama chetu, hilo ni lenu.

Kiangazi cha 1914 alisafiri na mama yake kwenda Australia kwenye mkutano wa wanasayansi. Vita vikalipuka wakiwa safarini. Alirudi haraka na kujiunga na jeshi, kikosi cha wahandisi, idara ya mawasiliano. Watu walimsihi abaki maabara. Hakukubali, aliona ni wajibu wake.

Mwezi Novemba mwaka huo tangazo la jihadi lilitolewa Istanbul. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Burundi yetu, walikuwa upande wa khalifa, na walilitumia tangazo lile kuwavuta Waislamu wa Afrika Mashariki. Lakini katika jeshi la Waingereza nako, hata huko Gallipoli, walikuwamo Waislamu kutoka India. Mwezi Agosti 1915, Moseley akiwa Gallipoli, Waingereza walikuwa wakizikokota porini Katanga mashua mbili, Mimi na Toutou, ili wazilete ziwani Tanganyika. Zilishushwa majini mwezi Desemba, na tarehe 26 zikaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Kabla ya katikati ya 1916 Wabelgiji walikuwa wameingia Usumbura, na pwani yote hii, Rumonge ikiwemo, ikabadilisha bwana.

Tarehe 10 Agosti 1915, alfajiri, majeshi ya Kituruki chini ya Mustafa Kemal yalishuka kutoka kilima cha Chunuk Bair. Moseley alikuwa akituma amri kwa simu ya jeshi alipopigwa risasi ya kichwa. Aliyempiga hajulikani. Alikuwa akiilinda nchi yake dhidi ya wavamizi, na sioni ubaya katika hilo. Wala sioni haja ya kushangilia kifo kile. Fizikia yote ilipata hasara siku hiyo, na elimu haina mpaka wa dini. Wajerumani wenyewe, maadui wa Uingereza, walimlilia, na Rutherford akailaumu serikali yake waziwazi kwa kumtuma mtu kama yule kwenye handaki. Mwili wake haukupatikana kaburi lenye jina; ameandikwa kwenye mnara wa Helles pamoja na maelfu wengine. Katika wasia alioandika akiwa vitani aliiachia mali yake Royal Society, itumike kwa utafiti.

Hakuishi kupokea tuzo ya Nobel. Aliacha mstari wake wenye nafasi wazi, na watu wakaanza kutafuta. Ya 72 ilipatikana Copenhagen mwaka 1923, kwa eksirei, ikaitwa hafniamu. Bohr alikuwa amesema kwa hesabu ya orbitali kwamba haitakuwa madini adimu, na haikuwa. Ya 75 ilipatikana 1925, ya 43 mwaka 1937. Iliyochelewa kuliko zote ni ya 61, moja ya hayo madini adimu yenyewe. Hii hata Gakara usiitafute, kwa kuwa haidumu, huoza. Ilitambuliwa mwaka 1945 huko Oak Ridge, Marekani, katika mabaki ya uranimu iliyotoka kwenye tanuri la nyuklia, miaka 30 baada ya Chunuk Bair.